Tumbo Langu Dogo Limefika Ukweni

Kwa Mama Lulu,
Barabara ya Magamba,
Lushoto.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Eliaichi,

Shikamoo. Habari za Songea, na habari za bwenini kwako pamoja na wale wasichana wasiopenda kuamka? Mgongo je? Mwanao Bryson aliniambia kwamba siku hizi unalala kwenye godoro gumu na kwamba umepata nafuu. Nimefurahi sana, ila nakuomba usirudie kubeba ndoo za maji kana kwamba shule nzima haina mtu mwingine. Wewe ni matroni, si mtambo wa maji.

Huku kwetu baridi ilikuwa kali mwaka huu. Mwezi wa saba tulifanya kazi masjala tukiwa na makoti na soksi nene, na mafaili yenyewe yalikuwa kama yametoka mtoni. Sasa jua limeanza kutukumbuka. Mama Lulu, mwenye nyumba wangu, hajambo na anakusalimu. Kaka yako, yaani baba, naye hajambo. Bado anabishana na redio.

Mimi ni mzima. Najua ukifika hapo utasema Dorothea akijiita mzima ndipo anapoumwa, kwa hiyo nieleze vizuri. Nimeona heri niandike kuliko kupiga simu, kwa sababu simu yako huwa unaipokea katikati ya watu, na haya ninayotaka kukueleza ni marefu na mengine ni ya aibu kidogo.

Shangazi, wewe ndiye uliyekaa na mimi Dar es Salaam miaka minne iliyopita nilipofanyiwa ule upasuaji wa kupunguza tumbo. Ulinifuta jasho, ukanilisha supu kwa kijiko cha chai. Tuliporudi tulidhani jambo limekwisha. Sukari ilishuka, presha ikashuka, magoti yakaacha kuuma, na mimi nikaweza kupanda kutoka sokoni hadi ofisini bila kusimama. Hayo yote yapo mpaka leo na sijayajutia hata siku moja. Lakini jambo halikwisha. Nimejifunza kwamba tumbo lililokatwa linataka kutunzwa maisha yote, kama mtoto asiyekua.

Mwanzoni mwa mwaka miguu yangu ilianza kufa ganzi. Nilikuwa nikivaa kandambili, moja ikichomoka mguuni sijui, hadi mtu aniambie nimeiacha nyuma. Nywele zilibaki kwenye kitana. Niliogopa mno, Shangazi. Kila nilipoamka nilikuwa najaribu vidole vya miguu kabla sijafungua macho, nikidhani ndio siku ya kupooza. Sikumwambia baba. Nilishuka Mombo, nikapanda basi la Moshi, nikaonana na daktari bingwa. Akanieleza kwamba ipo vitamini ambayo tumbo langu haliwezi tena kuichukua kwenye chakula hata ningekula nyama kutwa, na kwamba damu yangu pia ilikuwa imepungua. Tangu hapo nachomwa sindano kila mwezi hapa hapa Lushoto, na nameza vidonge vya madini. Ganzi imerudi nyuma hadi kwenye vidole viwili vya mwisho. Daktari anasema nisivikatie tamaa.

Jambo la pili ni sukari. Nikila kitu kitamu, au nikinywa juu ya chakula, kile chakula kinatiririka moja kwa moja hadi utumboni kabla hakijatulia. Basi moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, mikono inatetemeka, na mara nyingine natapika. Baadaye nabaki dhaifu kama niliyelimishwa. Dawa yake ni kula kidogo kidogo, nianze na nyama, samaki, mayai au maharage, na maji nisubiri. Ni rahisi ukiwa nyumbani kwako. Ukweni si rahisi hata kidogo.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Aron unamjua kwa picha, yule mwalimu wa kemia. Yeye nilimweleza kila kitu mapema, akasema mradi nipo hai. Lakini nilimsihi asiwaambie kwao. Niliogopa wasije wakasema anaoa mwanamke aliyekatwakatwa ndani, asiyeweza kuzaa. Unajua jinsi maneno yanavyotembea milimani huku. Yanafika kabla ya gari.

Mwezi wa sita akanipeleka kwao Mlalo kunitambulisha. Mama yake ni mjane, mama mchangamfu, mwenye mikono ya mtu wa shamba. Shangazi zake Aron walikuwapo pia. Walinipakulia ugali ulioenea sahani, nyama ya mbuzi, maharage, kisha kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari ambayo kijiko kingesimama ndani yake. Mgeni wa namna yangu hapimi chakula, anakula. Wote walikuwa wananitazama mdomoni. Nikala, nikanywa. Sikufika mwisho wa kikombe. Nilitoka mbio hadi nyuma ya migomba, na huko nikakirudisha chakula chote.

Mama Aron alinifuata, akanishika, akanilaza kitandani kwake na kunifunika kitenge. Hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Akaninong'oneza, "Pumzika, mwanangu. Hata mimi Aron alinitesa hivi hivi kwa harufu ya nyama." Kichwa kilikuwa kinazunguka, sikuelewa. Nikamshukuru!

Wiki iliyofuata dereva wa gari la Mlalo alikuja masjala na chupa ya chai kubwa, mzigo wangu kutoka kwa Mama Aron. Ndani kulikuwa na uji wa ulezi wenye karanga, maziwa, na sukari isiyo na huruma. Ikawa desturi. Chupa inakuja imejaa, inarudi tupu. Nilishindwa kuumwaga, Shangazi. Mtu ameamka alfajiri, amesaga karanga kwa mkono, ametembea hadi stendi kwa ajili yako, umwage? Nikawa nakunywa nusu kikombe na kugawa uliobaki, na ile nusu ilitosha kunifanya nitetemeke mezani hadi mhuri unacheza.

Mwanamwema, ninayekaa naye masjala, ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa anamalizia uji wangu, akalamba mdomo na kusema, "Uji wa ulezi kutoka ukweni, jasho, kutapika... Haya bibi harusi, mwezi wa ngapi?"

Nikamwambia mwezi wa kumi na mbili, nikidhani anauliza harusi.

"Aa! Basi gauni litabidi lishonwe pana," akasema, akacheka mpaka mkuu wetu akachungulia mlangoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kitenge na lile tabasamu. Nilikaa nimeshika kalamu bila kuandika kitu. Jioni Aron akapiga simu. Mama yake alikuwa amekwenda kimya kimya kwa Mzee Rubeni, mzee wa kanisa, kuomba tutayarishiwe siku ya kutubu na kurudishwa kundini kabla matangazo ya ndoa hayajasomwa, ili mtoto asizaliwe na maneno. Alifanya kwa upendo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aron alikana, akaapa. Mama yake akamjibu, "Baba yako naye alikana hivyo hivyo, mpaka ulipozaliwa ukiwa na masikio yake."

Basi nilikuwa na njia mbili. Nisimame mbele ya usharika nitubu dhambi ambayo sikuitenda, kwa mtoto ambaye hayupo, kisha mwezi wa pili watu waanze kuuliza mtoto yuko wapi. Au niseme tumbo langu lilivyo, na wakitaka kunikataa wanikatae. Aron aliomba aseme yeye. Nilimkatalia. Unanijua mimi ni mwoga. Hata kumwambia mkuu wangu kwamba amekosea tarehe huwa najipanga siku nzima. Lakini niliona jambo hili likisemwa na mdomo mwingine litabaki kuwa fununu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Mlalo. Nikamkuta Mzee Rubeni ameshaketi barazani na Biblia magotini, ananisubiri kwa uso wa huruma. Nikamsalimu, nikamwomba radhi, nikamwambia Mama Aron nataka kuzungumza naye jikoni kwanza.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Yote yalinitoroka. Nikapandisha blauzi, nikamwonyesha makovu. Ni madogo, unayajua, kama alama za kuchomwa na kuni. Nikamwambia sina mimba, Mama, sina, hii ndiyo inayonitapisha, na nikamweleza kuanzia Dar es Salaam hadi vidole vyangu viwili. Alisikiliza huku ameshika mwiko. Kisha akagusa kovu moja kwa kidole, taratibu, kama anayepima chapati kama imeiva.

"Walikukata kwa sababu ulikuwa unakula sana?"

"Kwa sababu nilikuwa naumwa, Mama. Sukari, presha, magoti. Nilikuwa sina miaka ishirini na tano na napanda ngazi kama bibi."

"Na uji wangu?"

Shangazi, ningeweza kudanganya hapo. Nikasema, "Uji wako ni mtamu, Mama. Ndio unaonimaliza."

Aliweka mkono mdomoni. "Mungu wangu! Namlisha mke wa mwanangu sumu, tena namtumia na gari!" Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, halafu sijui nani alianza, tukacheka. Tulicheka tukashikilia meza. Mzee Rubeni akakohoa huko nje kutukumbusha kwamba yupo.

Kisha akauliza lile nililoliogopa: nitazaa? Nikamjibu kama daktari alivyonijibu, kwamba naweza, ila nisubiri damu itengemae na nitunzwe kwa vidonge na vipimo. Akawa anakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Nilimwona akimuaga yule mjukuu aliyekwisha kumtengeneza moyoni. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa Februari. Haya, nisubiri tu. Kwani nina safari?"

Akatoka barazani nami nikiwa nyuma yake, akasema kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kusogea ili waisikie, "Mzee Rubeni, nakushukuru, rudi na Biblia yako nyumbani. Hapa hapana dhambi. Kuna sukari tu." Mzee akanitazama, akaitazama Biblia, akauliza kama basi angalau chai ipo.

Sisemi kwamba kila mtu ameridhika. Mmoja wa shangazi zake Aron bado ananitazama tumboni nikipita, kama anayesubiri nijisahau. Na yapo mambo yasiyopona. Nikichoka au nikichelewa kula bado natetemeka, na ile sindano ni ya maisha. Zamani nilikuwa nikifikiria neno hilo, maisha, nakosa pumzi. Siku hizi naenda kuchomwa kama ninavyokwenda kununua nyanya. Nesi ananiuliza habari za Mlalo, ninamweleza, tunamaliza.

Chupa bado inakuja, Shangazi. Ila sasa ndani yake kuna maharage yaliyopondwa, au mayai ya kuchemsha yamefungwa kitambaa yasivunjike. Mwanamwema amenuna, anasema nimemwondolea uji wake.

Matangazo ya ndoa yameanza kusomwa, jina langu na la Aron, mbele ya watu wote, na hakuna aliyesimama na pingamizi. Harusi ni Desemba tarehe 13, kule Mlalo. Nakuomba uje, na uje mapema, maana kuna ugomvi unaokuhitaji. Kamati ya harusi ilifika kwenye suala la keki, na Aron akauliza itakuwaje nikilishwa keki mbele ya watu kisha nianze kutoka jasho. Mwenyekiti akasema nitalamba tu. Mama Aron akasema mkwe wake halambi kitu kama paka. Ameagiza jibini nzima ya mviringo, ile inayotengenezwa hapa Lushoto, nyeupe, nayo itawekwa kwenye meza ya keki na kupambwa maua. Mwenyekiti akamwambia watu watacheka. Akamjibu, "Wacheke. Wao wana keki yao, yeye ana yake. Na kipande cha kwanza atanilisha mimi, nijue wanavyojisikia wazungu." Sasa anataka ushauri wako kuhusu maua, kwa kuwa nimemwambia wewe ndiye uliyenilisha supu kwa kijiko cha chai, na tangu siku hiyo anakuita ndugu yake kabla hajakuona.

Nisalimie Bryson na mkewe Jackline, na umbusu mtoto wao kwa niaba yangu. Wasalimie pia walimu wenzako, na yule mpishi wa shule aliyeniombea wakati ule. Mungu akulinde njiani na akuondolee maumivu ya mgongo, akupe usingizi mzuri kama ulionipa mimi ulipokuwa ukikesha kando ya kitanda changu.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,

Dorothea