Eti Mimi Ni Mpole

Wakonyo, uko? Nakupigia nikiwa shambani.

Nimemkuta shemeji Ngatia aking'oa itoka pale mpakani. Yale maua ya kuonyesha mpaka, baba mkwe wangu aliyapanda mwaka wa Uhuru! Itoka, Wakonyo! Nani anang'oa itoka? Anataka kumeza shamba langu la viazi.

Na amekuja na mtu wa kupima mashamba. Huyo akauliza, "Mwenyewe atakubali?" Ngatia akacheka. "Pima tu. Huyu mjane wa ndugu yangu ni mpole."

Mpole! Na mimi nimesimama hapo!

Nikamwambia, "Hilo jina nilipewa na mama yako. Ukiwa mjini Kutus na biashara zako, mimi ndiye nilikuwa namwosha kitandani. Aliniita mpole kwa sababu mikono yangu haikumuumiza vidonda. Hakusema sina mdomo."

Mtu wa kupima akakunja kamba yake. "Mzee, hii mambo malizeni na ukoo kwanza." Akaenda.

Ngatia bado ananiangalia. Nimechukua jembe lake, nimelikalia. Hata Yesu alikuwa mpole, na meza akapindua.

Mpigie chifu, halafu uje na wamama wa kanisa. Siondoki hapa.