Majina Uliyoyaficha Sandukuni

Papa Odette,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile kilicholegea mguu. Usikasirike, nimekifunga waya. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, maana Kinyarwanda changu cha kuandika bado kinachechemea, na maneno niliyonayo leo ninayaogopa. Labda yatatoka vizuri kwa lugha uliyonichumbia nayo.

Lakini kwanza nijigambe kidogo, wewe unanijua. Binti yako ni mkubwa! Hii dispensari yetu ya vyumba viwili, hapa hapa Nkanka, ina kompyuta. Odette ameipata kwa wafadhili waliomsomesha kule shule ya uuguzi, na anaipiga kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, macho yakiwa kwa mgonjwa. Mgonjwa akirudi, anaandika jina tu, na ugonjwa wake wote unatokea kwenye kioo: homa ya mwaka juzi, dawa aliyopewa, uzito wa mtoto. Nilipoona hivyo nililia. Halafu nikaenda kisimani nikawaambia wote. Nikaenda kanisani nikawaambia waliobaki. "Mashine ya mwanangu itajua watu wote wa huku!" Nilisema hivyo, Papa Odette, kwa mdomo huu.

Wiki ile ile mwanaume nisiyemjua akanikuta ninaanika sambaza, vile visamaki vya ziwani. Kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia vizuri. Akasema, "Maman, iko kweli ile mashine yenu inajua batu bote? Hata bale ba zamani, ba wakati wa Mzee, bwana yako?"

Sambaza zikanimwagika mchangani.

Unajua nilichoona. Niliona lile daftari la dispensari ya Bukavu, lile kubwa la jalada jeusi, ulimokuwa unaandika jina, baba wa mtu, na mtaa anapolala. Wale wanaume wa bunduki walipoingia hawakugusa dawa hata moja. Walibeba daftari tu. Jioni walikuwa wanajua milango yote ya kugonga. Sisi tulivuka daraja la mpakani na masufuria mawili na Odette mgongoni, tukafika Kamembe. Ndipo ukasema: "Karatasi haina mdomo, lakini ikishikwa inasema." Hukuandika tena jina la mtu mpaka ulipokufa.

Ndiyo maana nilimjibu yule mwanaume vibaya. Nikamwambia mashine haijui kitu, imeharibika, aende zake. Akaenda.

Sasa nikuambie dhambi yangu. Odette alikuwa ameshaingiza wagonjwa wapya, akabaki na sanduku lako la fishi, zile kadi za wagonjwa wako. Akalileta mbele yangu. "Maman, hapa Papa ameandika Mzee wa Baiskeli Mbili. Huyu ni nani? Na huyu, Anayekohoa kwa Aibu? Na huyu Kitenge cha Kasuku?" Wote ninawajua. Mimi ndiye niliyekuwa ninawapokea mlangoni, mimi ndiye niliyekunong'oneza majina, na wewe ukawapa alama. Hakuna mwingine duniani mwenye ufunguo wa lile sanduku. Nikamtazama mtoto wetu usoni, nikasema nimesahau. Uzee, nikasema. Alinishika mkono kwa huruma, akaniambia nipumzike. Nilitamani ardhi inimeze.

Maana ng'ambo, kule Bukavu, bado wanapigana. Upepo ukitoka upande ule bunduki tunazisikia hapa ziwani kama mtu anayepasua kuni. Watu wanavuka daraja na magodoro kichwani, vile vile kama sisi. Ninawaza: daftari lilihitaji mikono miwili kulibeba. Hii mashine inaingia kwenye gunia la mihogo. Watu wote wa vilima hivi ndani ya gunia moja! Siku hizi kila gari likipunguza mwendo hapo njiani, ninakimbilia dirishani.

Jumanne nilikwenda sokoni Kamembe. Niliporudi nikakuta ngobyi mbele ya dispensari, ile machela yetu ya kusukwa, na wabebaji wanne wamechuchumaa wanahema. Wametoka Nkungu kwa miguu. Aliyekuwa mbele akavua kofia kujifuta jasho.

Alikuwa yule yule.

Niliingia ndani mbio na kikapu changu. Kitandani amelala mwanamke, kifua kinapiga kelele, hajui yuko wapi. Odette ameshajaza sindano ya penisilini. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, nakuapia. Aliuliza jina, akalitafuta kwenye mashine, hakuna. Aliwauliza wale wanaume kama kuna dawa inayomdhuru, mmoja wao, mume wake, akasema hajui, amemuoa juzi tu. Mimi nikautazama uso. Papa Odette, alikuwa amekonda, lakini alikuwa yeye. Kitenge cha Kasuku! Yule aliyevimba shingo mbele yetu kwa sindano moja ya penisilini, ukapigania pumzi yake mpaka shati lako likalowa, halafu ukaandika kwenye fishi kwa kalamu nyekundu: hii ni sumu kwake.

"Acha!" nilipiga kelele. "Odette, acha! Itamuua!"

Mkono wake ulisimama. Sindano ilikuwa imegusa ngozi.

Akampa dawa nyingine. Leo yule mama anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari, kwa hiyo atapona. Na mume wake, yule wa kofia niliyemfukuza, aliniambia taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Maman, ile siku nilikuwa nakuja kuuliza kama karatasi ya mke wangu ingali huku. Alishaanza kukohoa."

Nikamvutia kiti akae.

Odette alingoja watu watoke. Hakunigombeza. Alivua glovu, akakaa chini kwenye sakafu, akasema: "Ulikuwa unamjua." Nikasema ndiyo. "Wote unawajua." Nikasema ndiyo. Halafu akaniuliza neno ambalo halijanitoka mpaka sasa: "Na siku utakapokuwa Bugarama kumtembelea shangazi, nani atapiga kelele?"

Basi tangu asubuhi tunakaa wawili, mlango umefungwa. Ninatoa fishi, ninasema jina, anapiga. Kila jina linanitoka kama jino. Sehemu ya baba wa mtu na sehemu ya anapolala, nimekataa, na Odette amekubali ziwe tupu. Mashine haifunguki bila neno la siri, na neno hilo tunalijua wawili tu. Kisimani sitalisema! Hata nikisifiwa.

Kulikuwa na fishi moja iliyonishinda. Redio Isiyozimwa. Nikageuza, nikageuza, huyu nani? Presha ya juu, umeandika, na chini yake: anaficha kizunguzungu, anasema ni jua. Odette akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Maman, si ni wewe!" Ee, mume wangu. Miaka yote ile ulikuwa unanipima na kunyamaza. Nilicheka, halafu nikalia na kanga yangu mdomoni.

Sitakudanganya kwamba hofu imeisha. Yule mwanaume alikuwa mwema, lakini si kila anayeuliza ni mwema, wewe na mimi tunajua. Jembe lako nimelisimamisha nyuma ya mlango, karibu na mashine. Nilimwambia Odette siku tukisikia kelele darajani asiniulize kitu, mimi nitajua pa kulishusha, na mashine haitasema tena. Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaendelea kupiga majina.

Na kuna jambo moja nililomwomba. Nilimwambia, kabla ya Kitenge cha Kasuku, kabla ya wote wa sandukuni, aniandike mimi. Jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani, na presha yangu. Namba moja. Watu hawa uliwaficha wewe, na mimi ndiye ninayewatoa. Kama orodha hii itashikwa siku moja, mkono wowote utakaoifungua ukutane na mimi kwanza.

Lala, Papa Odette. Sanduku limebaki nusu. Nakuahidi nitalimaliza, na dawa ya presha nitakuwa ninakunywa mbele ya mtoto.

Mke wako,
Redio