Kwa Aliyeniacha kwa Sababu ya Jicho

Mambrui,
9 Agosti 1986

Kwa Abdulghani,

Salamu zako zimefika. Huku mbuzi wa mama amezaa mapacha, na sote tu wazima.

Waniuliza presha ya macho inatibiwaje, maana daktari amekwambia nawe unayo. Utatia matone asubuhi na jioni maisha yako yote, hata usipoumwa. Yasipofaa utapasuliwa, ili maji yaliyojaa jichoni yapate njia. Utawashwa, na utaona ukungu kwa siku kadhaa. Lakini nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Hulindwa ile iliyobaki tu.

Jicho langu la kushoto lilipozima, nilipasuliwa la kulia ili lisalimike. Nawe ukasema mbele ya mama yangu, "Mimi sikuoa kipofu." Ukaniacha bandeji ingali usoni.

Sasa waomba nikusindikize hospitali Mombasa. Siendi. Nataka uzipapase kuta zile peke yako, kama nilivyozipapasa mimi.

Nawe Shekha, uliyeolewa baada yangu, najua ndiwe unayemsomea haya. Macho yako yakianza kukusumbua, mwambie daktari. Huyo usimwambie.

Ni mimi ninayeona bado,
Mwanatumu