Mawese Ndani ya Aparei

Patron,

Nimechoka. Nianze na hilo, maana ungekuwa hai ungeniuliza habari, na mimi ningejibu nzuri tu. Sasa huwezi kuniangalia usoni, basi nakuambia kweli. Mgongo unauma, macho yanawasha, na hapa mezani zinanisubiri simu za watu zenye vioo vilivyopasuka. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Foto napiga zile ndogo za karatasi za ofisi. Mtu anakaa, anainuka, anaondoka, hata jina lake silijui. Hakuna tena anayekuja amepaka mafuta na kuazima saa ya jirani.

Studio yako uliyonifundishia kazi haipo. Ziwa lilipanda baada ya kukuzika, likaingia uani, likaingia ndani, mwisho ukuta wa upande wa maji ukalala. Tulibeba vitu mbio mbio hadi barabarani, kila jirani na vyake, magodoro, masufuria, mbuzi, na katika fujo ile kartoni yenye aparei yako ya kupigia foto ikapotea. Mama Mwajuma hata hakuiulizia. Mkeo unamjua, akinyamaza ndiyo amesema.

Basi juzi juzi nilikuwa sokoni, kule wanakouza caguwa, vitu vya mitumba, nyuma ya wauza samaki wa ndagala, natafuta waya wa chaja. Mtu ametandika plastiki chini, kaweka pasi, redio isiyo na mgongo, na aparei moja ya zamani, ngozi imebanduka, kioo kimeota ukungu. Niliiokota kwa mazoea tu. Nikajaribu kuzungusha kishikio chake cha kuvutia filamu, hakiendi. Nikafungua mlango wake wa nyuma, nikaona kitu cha rangi ya machungwa kimeganda pembeni. Nikaweka pua. Mawese.

Patron, nani mwingine duniani ametia mawese ndani ya aparei? Nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akadhani nina kasoro kichwani. Halafu nikalia, sitakuficha, na nikainunua. Ilikuwa wakati wa vita, barabara ya Bujumbura haipitiki, mafuta ya mashine hakuna, na wewe ukasema mafuta ni mafuta, watu wa Rumonge, na michikichi yote hii, tutakosaje mafuta. Ukatia matone kwa unyoya wa kuku. Ikafanya kazi, kweli. Ila asubuhi za kiangazi, kukiwa na baridi, mawese yanaganda, aparei inagoma, na wateja wamekaa benchini na nguo zao nzuri wanangoja wewe uianike juani. Ukiulizwa unajibu bila aibu kwamba inaota jua, itaamka. Na watu walingoja. Leo nani angengoja?

Kuitengeneza kumenimaliza. Yale mawese yalikuwa yamegeuka gundi. Niliyalainisha kwa esansi, petroli ya magari, nikasugua kwa mswaki mkuukuu, nikapangusa, nikarudia, kila nikimaliza simu za watu. Skurubu ikianguka natambaa chini ya meza kama mtoto. Sponji za mlango, zile zinazozuia mwanga usiingie, zilikuwa zimeoza, nikabandika uzi mweusi wa kufumia. Ukungu wa kioo umetoka, umebaki kidogo pembeni. Siku yale mapazia ya ndani yanayopitisha mwanga yalipofunguka na kujifunga vizuri, sikuwa hata na nguvu ya kufurahi. Niliiweka mezani nikalala.

Ningeacha zamani, kama si Mama Mwajuma. Binti yenu Mwajuma amemwita Kigoma akakae naye, kwa sababu hapa nyumba imekwisha, na kukaa kwa ndugu huko Kizuka kumemchosha. Nikampelekea aparei, ingali mbovu, aione kabla ya kuondoka, nikidhani atafurahi. Akaigeuza geuza, akanirudishia.

"Hii iko inajua kila mutu wa Rumonge," akasema. "Mimi hainijui."

Nikabisha. Nikamwambia haiwezekani, mke wa mpiga foto. Akaniacha nikumbuke mwenyewe. Ulipokuwa unapiga nje, kwenye mwanga mzuri, nani alikuwa anashika shuka jeupe nyuma ya mteja? Yeye. Mikono juu, uso umefunikwa, watoto wanalia, mabibi harusi wanajipangusa jasho, yeye amesimama tu huko nyuma. Kutoka hapa mpaka Gatete, foto za watu zilitoka na vidole vyake kwenye pembe za shuka, na wewe ukavikata kwa mkasi kabla ya kuwapa. Uso wake hukuupiga hata mara moja. Ulisema pelikile, ile filamu ya kutia ndani ya aparei, ni ya wateja. Na mimi nilikuwa hapo pembeni yako, nikaona ni sawa, ndiyo kazi. Leo najua alikuwa anaumia, na nimekukasirikia. Nakupenda, lakini nimekukasirikia.

Yule rafiki yako mwenye studio Bujumbura akanitumia pelikile moja. Imepitwa na wakati, akasema, lakini jaribu, nitakusafishia mwenyewe. Nikarudi Kizuka. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na kilemba, amejipaka na wanja. Nikamwekea stuli uani, nikageuka kupima mwanga. Kugeuka tena, stuli iko tupu. Amekwisha kuchukua shuka kwenye kamba ya kuanikia, amelinyanyua kwa mikono miwili, amesimama nyuma yake. Hakuwa anatania. Nafikiri hata hakujua anafanya nini.

 Nilimwendea, nikamshusha mikono polepole, nikalichukua lile shuka.

"Mama, na wewe kaa."

Akarekebisha kilemba chake. "Nilingoja Patron wako aseme hivyo, mutoto wangu," akasema. "Nilingoja sana."

Akakaa. Hapakuwa na mtu wa kushika shuka, kwa hiyo nyuma yake ni ukuta wa matofali, beseni la kufulia, na kuku mmoja asiyetaka kutoka. Hakutabasamu, nami sikumwambia atabasamu. Nikapiga, akageuza shingo kidogo, nikapiga tena, mpaka pelikile ikaisha. Zote ni zake.

Ameondoka wiki hii, kwa gari la Nyanza-Lac, njia ya kwenda Kigoma. Foto hazijatoka, na huenda zisitoke, maana pelikile imezeeka na kioo bado kina doa. Nilimweleza hivyo pale stendi. Akasema si kitu. Mimi kwangu ni kitu.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Pelikile hii naipeleka Bujumbura mwenyewe, simwachii dereva. Ikitoka foto moja tu inayoonyesha uso wake, naibeba mpaka Kigoma, na mgongo huu huu. Isipotoka hata moja, natafuta pelikile nyingine, namfuata kulekule, naanza upya. Simu za watu zitangoja.

Pumzika, Patron. Mungu akulaze pema. Ulinifundisha kila kitu ninachojua, na nakushukuru, murakoze cane. Lakini ungemwambia tu akae.

Mimi wako,
Saidi