Karafumaiti ya Ijumaa

Mavyaa,

Leo sikuamkii. Miaka yote niliyokaa kwako hapa Mambrui nilikubusu mkono asubuhi na jioni, basi imetosha.

Zuhura hajaanguka tangu ulipozikwa. Mjukuu wako, aliyekuwa akishikwa na kifafa kila Ijumaa, sasa yuko skuli, anakunywa maziwa ya Nyayo na wenziwe, kanenepa. Ungekuwepo ungesema ni dua zako.

Wakati ule lawama zilikuwa zangu. Ulimwambia mwanao kwamba ugonjwa nimekuja nao kutoka kwetu Magarini, na kwamba vidonge vya hospitali vinamlevya mtoto. Nami nikimpa kila usiku bila kukosa, na Ijumaa ikifika mtoto yu chini, povu mdomoni, kajikojolea. Nililia mpaka nikachoka, nawe unanitazama.

Matanga yalipokwisha, wifi alikuja na kichupa chako. Akaniuliza, hana hata wasiwasi, "Dawa ya Zuhura ya Ijumaa, sasa atampa nani?" Nikafungua. Karafumaiti, mavyaa. Ile ile uliyokuwa ukiwatilia maiti wa kike ulipowaosha. Chumba chako chote kilinuka hivyo, ningejuaje? Wifi akanieleza kuwa uliisaga, ukaichanganya na asali, ukampa mtoto anywe baada ya kumsomea Yasini, ili shetani asikie harufu ya maiti, adhani kiti chake, huyo mtoto aliyempanda, kimekufa, ahame. Na mtoto ukamkataza kusema, eti dawa ikitajwa haifanyi kazi.

Nilikipeleka kwa daktari Malindi. Akashika kichwa. Aliniambia ubongo una dawa zake wenyewe, nyingine za kuchangamsha mishipa, nyingine za kuituliza, na kwa mwenye kifafa mizani hiyo imekwisha kulegea. Karafumaiti ikinywewa ni sumu, inaondoa ule utulivu, hata mtu mzima asiye na ugonjwa huweza kuangushwa. Vidonge vyangu vilikuwa vinazima, wewe unawasha.

Ungeniuliza tu. Lakini mke wa mwana anaulizwa nini?

Jeneza lilipokuwa likitoka, tuliulizwa sisi wanawake kama tumekusamehe, nami nikaitikia pamoja na wenzangu. Sikujua ninasamehe nini. Neno lile nalirudisha.

Na ulimpenda, najua. Akianguka ulivua leso yako ukamwekea chini ya kichwa, ukakaa naye pale chini mpaka akazindukana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hata kukuchukia sawasawa umenizuia.

Jana Zuhura aliniambia siri yenu. Kaninong'oneza, anacheka, "Mama, bibi ndiye aliyeniponya." Sikumsahihisha, wala sitamsahihisha mpaka nife. Usidhani nakusitiri wewe. Ana bibi mmoja tu aliyempenda, nami sitamnyang'anya.

Kalale, mavyaa. Radhi yake unayo. Yangu usiingoje.