Alhamisi Kocha Alisema Nimekwisha

Jumamosi, ndani ya basi la timu, tukitoka Columbus kurudi Louisville

"Nilijua tu utaweza," kocha ameniambia leo mbele ya wenzangu wote. Hakujua lolote! Alhamisi aliniita ofisini akasema goti langu limekwisha tangu lipasuliwe, nikae benchi niwatie moyo wadogo. Mimi, niliyeongoza ulinzi wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani misimu miwili!

Leo Jordan, aliyepewa namba yangu, aliumia bega zikiwa zimebaki dakika mbili. Nikasimama bila kuitwa. Kocha akanitazama, akakosa mwingine wa kumwingiza.

Sekunde za mwisho, wapinzani walihitaji hatua moja tu kufika mstari wa bao ili watushinde. Jitu lao la miraba minne likaja limekumbatia mpira, nikalidaka kiunoni, tukaanguka wote. Halikupita. Tukashinda.

Ndiyo maana nilimjibu, "Hukujua, kocha. Uliniambia nimekwisha." Huenda maneno hayo yataniponza, lakini sijutii.

Baadaye Mama akapiga simu kutoka Buffalo, ametoka zamu kiwandani. Hata matokeo hakuuliza. "Goti je, mwanangu?"

Nikasema halina neno. Uongo mtupu. Limevimba, na ninaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya upasuaji. Nikashindwa kutulia, nikampigia tena nikamwambia ukweli.

"Jumatatu nenda kwa daktari," akasema. "Yeye ndiye aseme, siyo huyo kocha wako."

Nitakwenda. Nikiambiwa nipumzike, nitapumzika mpaka lipone. Halafu nitarudi kuidai namba yangu.