Tamthilia ya Boaz Imeondolewa

Kagongwa,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka Athanas,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Lusia na watoto hamjambo huko Geita. Sisi tunapumua tu, mahindi yamekauka yakiwa ya magotini. Mama mwili anao, kichwa ndicho kinazidi kumpotea. Nakuandikia kwa sababu siku hizi simu ikilia anaiwahi yeye, na haya siwezi kuyasema akinisikiliza.

Unajua tangu tumzike ndugu yetu Boaz, mama anausahau msiba. Akikumbushwa analia upya, kana kwamba ndiyo kwanza mwili umetolewa kwenye kifusi. Kilichokuwa kinamtuliza ni ile tamthilia aliyoigiza Boaz kabla hajakimbilia machimboni. Kile kipande anachoingia mlangoni na kusema shikamoo mama, nilikuwa namwekea kila jioni. Mama anaitikia marahaba ng'wanone, mwanangu, anamuuliza kama amekula, kisha analala vizuri.

Basi hao wenye app wakapandisha bei. Nikalipa. Wakapandisha tena na matangazo wakaongeza juu yake. Jamani, unalipa na bado unauziwa sabuni! Nikauza kuku, nikalipa. Mwezi uliopita nafungua, Boaz hayupo. Nikampigia kijana wa huduma kwa wateja, akanijibu kwa upole kwamba tamthilia imehamia kampuni nyingine, nayo inataka kadi ya benki. Akaniambia nizoee tu, huko tuendako kila tamthilia itakuwa na mlango wake na kila mlango kiingilio chake. Nikamuuliza kama ana mama. Akakata simu.

Jioni ile mama alimngoja Boaz mpaka ugali ukapoa. Kesho yake vilevile. Kisha akagoma kula kabisa, akasema kuna mtu amekufa tunamficha. Nikasema potelea mbali, nikamweleza ukweli. Alijigaragaza uani mpaka majirani wakaja kumshika. Asubuhi alikuwa ameshasahau, akaniuliza tena Boaz yuko wapi, nami nikamwambia tena. Kaka, nilikuwa namuua Boaz kila siku kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo ukapiga ile Alhamisi. Sauti zenu ni moja. Uliposema shikamoo mama, alipiga vigelegele akakuita Boaz, nawe ukacheka ukidhani amechanganya majina. Alikula siku hiyo mpaka akaomba kuongezwa. Lakini kwamba nyumbani kuna msiba, hilo halikumtoka. Alinishika mkono akaniuliza, kama Boaz ni mzima, aliyekufa ni nani? Nilikuwa nimechoka, kaka. Nikamwambia ni wewe.

Nisamehe. Nilidhani atasahau kama anavyosahau mengine yote. Hili hajalisahau. Amenyoa nywele, anakulilia taratibu akiwa jikoni, ila anakula na analala, kwa kuwa Boaz atapiga tena. Nakuomba ukipiga uitikie jina hilo. Ukikataa sitakulaumu, lakini mimi nguvu ya kumzika Boaz tena sina.

Nisalimie wanao, uwabusu kwa niaba yangu. Wifi mpe pole za kazi, na umwambie mchele niliompa kondakta pamoja na barua hii asiurudishe. Mama ameupepeta mwenyewe. Amesema mjane wa Athanas asilale njaa.

Ni mimi mdogo wako,
Hosiana